Njia ya Uani

Kilwa Kivinje,
14 Septemba 2025

Mpwa wangu mpenzi,

Mkazamjomba wako anakusalimu sana na anauliza kama ule mche wa asmini aliokupa umeshika.

Nimezipata picha za uani, na ile picha ya njia uliyoipenda, yenye vigae vyekundu vya pevin katikati na mawe meupe pembeni. Umeniuliza kama wewe na mdogo wako mnaweza kuijenga wenyewe kabla ya mvua. Mnaweza, na mimi ningependa mfanye wenyewe. Njia ya uani haidai fundi wa kulipwa. Inadai mtu asiyeharakisha kuchimba na kushindilia, maana hizo ndizo kazi ambazo baadaye hakuna atakayeziona. Sikutaka kukujibu kwa simu. Mambo ni marefu, na mengine nataka uyasome tena ukiwa na koleo mkononi.

Kwanza tukubaliane njia hii ni ya nani. Wewe umeitaja kama pambo la nyumba mpya, na nyumba yako inastahili pambo. Lakini mimi nikiitazama picha ya uani namwona mama, bibi yako, akitoka mlango wa nyuma kabla ya alfajiri na mkongojo wake, anakwenda kwenye tangi kutia udhu. Mtoto wa jicho amemfunika jicho moja, goti halimtii, na sote tunajua hatakubali kupelekewa maji chumbani maadamu miguu bado inamchukua. Mchana atapita hapo hapo kwenda banda la jiko, kwa kuwa mpaka leo hajakubali kuwa gesi inaweza kupika wali wa nazi. Basi popote utakapokuwa na mawili ya kuchagua, chagua linaloufaa mguu wake.

Anza na upana. Mtu anayetembea peke yake anatosheka na sentimita 60. Bibi yako mkono wa kulia ana mkongojo, na siku goti likikataa mmoja wenu atamshika mkono wa kushoto. Watu wawili wanaokwenda bega kwa bega wanahitaji mita 1 na sentimita 20, wala usipunguze hapo ili kuokoa vifaa. Umesema kutoka mlangoni mpaka banda la jiko ni mita 12 hivi. Ni eneo la mita za mraba 14 na ushei, na hesabu zote utakazozikuta humu nimezifanya kwa kipimo hicho.

Kisha njia ipite wapi. Mwambie mdogo wako afagie ua wote jioni, asibakishe alama hata moja, halafu asubuhi tazameni nyayo. Katika picha yako mimi tayari naiona: mchanga umekandamizwa, umepinda kidogo kulia ukapita mbali na mnazi, kisha umerudi kushoto kwenye mlango wa banda. Mpindo huo umechaguliwa na watu wanaoujua ua. Wewe unataka njia inyooke kwa sababu pevin hulala vizuri kwenye mstari, lakini mstari huo ungempitisha bibi yako chini ya mnazi kila siku, na nazi iliyokomaa pamoja na kumbi lake huzidi kilo moja. Kuti kavu nalo linatosha kumwangusha mtu mzima. Ipitisheni njia nje ya mzunguko wa makuti. Na ule mwarobaini ulio karibu na ukuta, upe nafasi ya mita tatu, kwa kuwa mizizi yake itakuja kuinua chochote utakachokilaza karibu nayo, na kigae kilichoinuka sentimita mbili ndicho kinachomvunja mzee nyonga.

Tandazeni mpira wa bustani kufuata nyayo, mpitisheni bibi yako hapo na mkongojo wake, mara moja mchana na mara moja magharibi taa zikiwa hazijawashwa. Akisema mahali fulani hapaoni, sogezeni. Mkimaliza, pigeni vigingi na kufunga kamba.

Sasa nije kwenye maji, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu sehemu kubwa ya kujenga njia kwetu ni kuamua maji yaende wapi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji, na hakuacha kutaja wingi wa mvua zake. Karibu miaka 700 baadaye mvua ni zile zile. Unakumbuka mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, jinsi barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilivyokatika pale Somanga, magari yakalala pande zote mbili, na bei ya kila kitu ikapanda huku kwetu? Lami haikuliwa kutoka juu. Maji yalijaa upande mmoja wa tuta, yalipokosa pa kutokea ya kutosha yakachukua udongo uliokuwa chini ya lami, na lami ikabaki haina pa kukalia. Njia ya mita 12 uani hufa kwa namna hiyo hiyo, ila yenyewe hufa polepole: mwaka wa kwanza vigae vinacheza, mwaka wa pili vinazama pembeni, mwaka wa tatu mtu anapita kwenye majani kandokando yake.

Fanya hesabu ya paa lako. Upande wa nyuma una kama mita za mraba 40 za bati. Mvua ikinyesha milimita 30, na kwetu hiyo ni mvua ya mchana mmoja tu wa masika, upande huo utamwaga lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200, yote kwenye mstari mmoja wa mchanga unaopita mbele ya mlango wa nyuma. Kabla hujanunua kigae hata kimoja, funga gata upande huo na uielekeze kwenye simtanki. Nao mdomo wa kumwagia tangi likijaa, uwekee bomba liyapeleke maji mbali, kwenye shimo la urefu, upana na kina cha mita moja lililojazwa mawe matupu. Pandeni migomba miwili mitatu kandokando ya shimo hilo. Itakunywa maji na itawapa ndizi.

Maji ya mvua yatakayoanguka juu ya njia yenyewe yanataka mwinamo. Usiinamishe njia kuelekea nyumbani hata kidogo. Iinamishe kuelekea bustanini, sentimita 2 kwa kila mita ya upana, yaani kwa njia yako ukingo wa bustanini uwe chini ya ukingo wa nyumbani kwa sentimita 2 na nusu hivi. Usizidishe. Mwinamo uliozidi hauonekani kwa macho, lakini goti la mgonjwa linauhisi, na mkongojo unateleza. Pima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani: ujaze maji, utoe mapovu yote, mmoja ashike mwisho huu na mwingine mwisho ule, na maji yatakapotulia pande zote mbili, hapo ndipo pana usawa. Tia alama kwenye vigingi, kisha shusha kamba ya upande wa bustani kwa kipimo nilichokupa. Pima maji ya fundi ni nzuri kwa kigae kimoja. Kwa mita 12 mpira haudanganyi.

Uso wa njia uwe juu ya ardhi kwa sentimita 2, ili mchanga wa uani usiingie na maji yasitafute njia kuwa mfereji wao. Nayo mawe ya pembeni yalale sawa na vigae, yasipande juu hata kidogo. Najua katika picha yako yamepanda, na watu wengi hufanya hivyo kwa kuwa yanapendeza. Yakipanda yatazuia maji yasitoke, na yatamkwaza bibi yako gizani. Ukitaka aone mwisho wa njia, yapake chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Jicho lililofifia linaona tofauti ya rangi vizuri kuliko linavyoona kimo. Lakini vigae vya katikati visiwe vyeupe: jua la saa sita hapo kwenu Kilwa Masoko likipiga juu ya vitu vyeupe, mwenye mtoto wa jicho haoni kitu.

Pale karibu na banda, ambapo picha inaonyesha mchanga umechimbika mfano wa kijito, hapo maji yamezoea kupita na yataendelea kupita. Yapeni kalavati. Bomba la plastiki la inchi 4 likilala chini ya njia, likizidi pande zote mbili kwa shibri moja, linatosha. Ongezeni na bomba jembamba la pili katikati ya njia hata kama leo hamna kazi nalo, mkalizibe midomo. Siku mkitaka kupeleka waya wa taa au maji upande wa pili, hamtavunja kitu.

Nimefika kwenye mawe, jambo lililonifanya nichukue karatasi. Umeandika kwamba vijana wamekuahidi mawe meupe yaliyochongwa kutoka Kilwa Kisiwani kwa bei ndogo, na kwamba mwingine atakuletea matumbawe kutoka baharini, hata ukitaka lori zima. Mpwa wangu, usichukue. Sikuambii hivi kwa sababu ya kuogopa kukamatwa, ingawa Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na kuvunja matumbawe hai baharini kumekatazwa. Nakwambia kwa sababu nimeshika mwiko wa ujenzi maisha yangu yote na najua kila moja ya mawe hayo lilifikaje pale lilipo.

Wazee waliojenga Kilwa walikuwa na mawe ya aina mbili. Kuta walizijenga kwa jiwe la nchi kavu, lile gumu lenye matundu, ambalo ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Pale walipotaka kuchonga, kwenye mihrabu, kwenye miimo ya milango, walikwenda baharini kukata tumbawe bichi, wakalichonga lingali laini, halafu likakauka na kuwa gumu. Vyote walivishika kwa chokaa waliyoichoma wenyewe. Jiwe utakaloletewa likiwa limenyooka upande mmoja, ujue limetoka kwenye mlango wa mtu au kwenye msikiti. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini kwa namna bahari, mvua na mizizi ilivyokuwa ikiyala, na ikachukua miaka 10 ya kukarabati kuta na kuzuia ufuko usimomonyoke, wenyeji wakiwemo, mpaka yakatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Mimi siwezi kuona kazi hiyo yote halafu mpwa wangu akakanyaga kipande chake akienda jikoni.

Tena usidhani kwamba jiwe lililoanguka chini halina kazi. Pale Songo Mnara wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walichunguza hata viwanja vitupu vilivyo kati ya nyumba, wakapima udongo wake ili kujua watu walifanya nini mahali ambapo hapana ukuta wowote. Ua uliofagiwa miaka 600 iliyopita bado una habari za waliokuwa wakiufagia. Anayepita na toroli akiokota mawe anaondoka na habari hizo, na hakuna atakayezirudisha.

Na tumbawe la baharini nalo lina hesabu yake. Lile la mviringo, ambalo wachongaji walilipenda, hunenepa kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwaka. Jiwe la sentimita 30 linaweza kukuzidi umri. Baruti ya wavuvi imeshatuvunjia mengi kwenye mwambao huu, na ninyi vijana ndio mnaolalamika kwamba changu na tasi siku hizi ni wadogo. Samaki anakaa penye tumbawe, na wimbi linapungua nguvu penye tumbawe kabla halijaifikia ardhi yetu.

Mawe unayo. Yako nyuma ya choo chako. Shimo la choo lilipochimbwa hapo Masoko mlikutana na mwamba, kama anavyokutana nao kila anayechimba rasi hiyo, na yale mawe yaliyotolewa yamekaa chungu nzima huku nyanya zimeota juu yake. Hilo ni jiwe lile lile la nchi kavu waliloliamini wajenzi wa Kisiwani. Chambua makubwa yenye uso mmoja bapa uyaweke kando kwa ajili ya kingo. Yaliyobaki yavunjeni kwa nyundo, makubwa yasizidi ngumi, na ule unga wake msiutupe. Unga wa jiwe hili ukilowa na kushindiliwa hugandamana ukawa mgumu peke yake, na hiyo ni neema ambayo watu wa bara wenye udongo wa mfinyanzi hawana.

Ukitaka kuona kazi ya njia iliyofanywa na wanaojua mawe na maji, usitazame kwenye simu. Siku bahari ikitoka bamvua, kwenye mwamba wa pwani ya Kisiwani na visiwa jirani hufunuka njia za mawe zilizojengwa ndani ya bahari kati ya karne ya 13 na ya 16, nyingine zikifika karibu mita 200. Mwanaakiolojia Edward Pollard alizipima na kuandika habari zake mwaka 2008. Huenda zilimsaidia mvuvi kufika ukingoni bila kukatwa na mwamba, huenda zilivunja mawimbi au kumwonyesha nahodha mlango wa bandari. Mimi linalonishughulisha ni kwamba maji yanazipanda na kuzishuka mara mbili kwa siku tangu wakati huo, na zipo. Zimelazwa chini na kwa upana juu ya mwamba wenyewe, na maji hayakuzuiwa kupita juu yake. Nikisema uso wa njia yako ulale chini na kingo zisipande, nina picha hiyo kichwani.

Kuchimba sasa. Fuateni kamba, mwende chini sentimita 17. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo, upelekeni kwenye matuta ya mchicha na bamia; usiuzike. Sakafu ya handaki iwe na mwinamo ule ule wa uso wa njia, kwa sababu maji yatakayopenya chini nayo yanataka kwenda bustanini. Nyunyizeni maji, shindilieni, ndipo mtie kifusi cha mawe: sentimita 5, maji, shindilia; tena sentimita 5, maji, shindilia. Tabaka moja nene la sentimita 10 linakuwa gumu juu na bwabwa chini, na huwezi kulijua mpaka masika. Kwa mita zenu 12 mtahitaji toroli 30 hivi za kifusi kabla hakijashindiliwa. Shindilio halinunuliwi: chukueni kopo la rangi la lita 4, simamisheni mti imara katikati, jazeni zege, liacheni wiki nzima. Ukidondosha shindilio na likarudi mkononi kwa mrusho, na sauti ikawa kavu, tabaka limekubali.

Juu ya kifusi tandazeni mchanga sentimita 4, toroli kama 11. Nunueni mchanga wa shimo. Wa ufukweni una chumvi, na pwani yetu inamomonyoka vya kutosha bila sisi kuibeba kwenye ndoo. Sawazisheni kwa ubao mrefu mkiuvuta juu ya mbao mbili zilizolazwa kwa kipimo, na mkishasawazisha asiukanyage mtu.

Kuhusu pevin nyekundu nitakuwa mkweli: ni nzuri, lakini kuzisafirisha kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa ni gharama ambayo ingekununulia gata na tangi la pili. Tengenezeni vigae vya zege wenyewe. Fremu za mbao za inchi mbili kwa mbili, ndani sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 5, chini mkitandika nailoni. Kipimo ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo. Mfuko wa kilo 50 ni ndoo mbili za lita 20 kasoro kidogo, na utatoa vigae 16 au 17. Mnahitaji vigae 60, viwili viwili sambamba, safu 30, ambavyo vinafanya katikati ya njia sentimita 80 za kukanyaga. Sentimita 20 zinazobaki kila upande ni za mawe ya kingo na kokoto. Mifuko minne ya saruji itawatosha na kipande kubaki. Mkiwa na fremu 10 na mkitoa vigae kila kesho yake, hazifiki siku saba mmemaliza.

Maji ya kuchanganyia yawe yale mnayokunywa, si ya kisima chenye chumvi. Zege liwe zito. Wengi humimina maji ili liteleze kwenye fremu, na kigae kinatoka dhaifu. Kabla halijakauka pitisheni fagio la chelewa juu yake kwa upana wa njia ili liwe na mikwaruzo. Uso laini kama sakafu ya sebuleni ukilowa maji ya udhu ni hatari. Kisha vifunikeni kwa magunia mabichi na mvimwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba, kivulini. Na vaeni glovu, saruji inakula ngozi.

Kuvilaza hakuna mengi. Anzieni mlangoni, kigae kishushwe wima wima na kigongwe kwa mpini wa nyundo juu ya kipande cha ubao, acheni nafasi ya unene wa kidole kidogo kati yake na mwenzake, kagueni kwa pima maji kila safu tatu. Penye mpindo nafasi za upande wa nje zitapanuka, zijazeni vijiwe. Mawe ya kingo yachimbieni thuluthi mbili chini, uso bapa juu, na shindilieni mgongo wake kwa udongo. Halafu fagieni mchanga mkavu juu ya njia yote mpaka viungo vishibe, mwagieni maji kidogo, fagieni tena baada ya wiki.

Mimea pandeni upande wa bustani tu, ile mifupi. Mrehani uwe karibu na mlango, bibi yako auchume bila kuinama sana. Mchaichai unashika udongo vizuri mahali maji yanapotokea, lakini upandeni hatua moja kutoka ukingoni, maana ukinenepa unaficha njia, na nyoka anapenda kichaka kilicho karibu na ubaridi. Asmini ya mkazamjomba wako ikae kwenye nguzo ya banda. Upande wa nyumbani acheni wazi. Na taa moja ndogo ya sola iwekeni kwenye kona ya tangi, imulike chini, isimpige machoni.

Muda mnao lakini si mwingi. Kusi linakwisha, na korosho zikianza kudondoka Oktoba hamtapata kijana wa kubeba hata toroli moja Kilwa nzima, wote watakuwa mashambani. Mvua zinaweza kuanza Novemba. Anzeni na gata na lile shimo la mawe wiki hii, vigae vifuate, na handaki lichimbwe wakati vigae vinakomaa. Hata mkikosa muda wa vigae, kifusi kilichoshindiliwa vizuri chenye mwinamo kinatembeleka masika yote, na vigae vitawekwa Juni.

Shindilio langu, liwe la pili, na mpira wa kupimia nitampa dereva wa gari la Masoko Jumamosi asubuhi, mdogo wako akapokee stendi. Nitumie urefu halisi uliopimwa kwa futi kamba, wala usihesabu kwa hatua, na picha ya pale panapochimbika karibu na banda baada ya kumwaga ndoo tano za maji mlangoni, nione yanakokwenda. Nikiona mwinamo wa asili unatosha nitakuambia kama kalavati moja inafaa au mbili. Na wale vijana wa mawe waambie mjomba wako anataka kuonana nao, waje Kivinje, nina kazi ya kuponda kokoto ya halali nitakayowalipa.

Msalimie bibi yako, mwambie nakuja kabla ya Maulidi ijayo, inshallah.

Wasalaam,
Mjomba wako